Ule mchoro wa mishale tunaokariri: unaonyesha nini, unaficha nini?

Kwenye ukurasa huu wengine wanahakiki vitabu, wengine wanahakiki sinema na nyimbo. Mimi leo nataka kuhakiki mchoro. Kila mtu aliyepita kwenye kozi ya biolojia ya seli, awe wa uganga, wa famasia, wa sayansi ao wa mifugo, anaujua. Juu kabisa kuko mistari miwili, ni utando wa seli. Kwenye utando kipokezi kimesimama sawa herufi Y. Fakta ya ukuaji inatoka inje, inakaa juu ya kipokezi. Halafu mishale inaanza kushuka: Grb2, Sos, Ras, Raf, MEK, ERK. Mshale wa mwisho unaingia kwenye kiini, na pale pembeni wameandika: kugawanyika kwa seli. Mwalimu anagusa ubao na kusema, kimoja hapa kikiharibika, ni kansa. Tunakariri, tunachora siku ya mtihani, tunapata pointi zetu, tunaenda.

Sisemi mchoro ni wa uongo. Majina yote yaliyo pale ni ya kweli, na mpangilio wake ni wa kweli. Watu walitoka jasho kwa kila jina. Stanley Cohen alipata tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini kwa sababu ya fakta za ukuaji. Jeni ya Ras iliyobadilika ilipatikana kwenye vivimbe vya binadamu mwaka 1982. Ilipofika 1993 ndipo vipande viliungana vizuri, kutoka kipokezi mpaka Ras, kutoka Ras mpaka Raf. Ni kazi kubwa. Mtu anayecheka mchoro huu hajui ulitoka wapi.

Ugomvi wangu uko kwa mishale. Jina unaweza kuuliza: Raf ni nani, ina uzito gani, inafanya nini? Mshale hakuna anayeuliza. Mshale unaonekana sawa hewa, sawa jambo linalojifanya lenyewe. Na njo mu mishale hiyo protini za kiunzi zimezikwa.

Mwezi wa kwanza mwaka 2000, Douglas Hanahan na Robert Weinberg walitoa makala yao maarufu mu gazeti la Cell, ile ya alama sita za kansa. Ukiisoma leo bado inakushika. Ndani yake kuko mchoro mkubwa unaofanana na ramani ya saketi ya umeme: nukta, mistari, viungo. Waandishi walitumaini kwamba siku moja tutasoma kansa kama fundi anavyosoma saketi. Picha hiyo ilisaidia kizazi kizima cha watafiti, lakini ilitupa mazoea mabaya. Mu saketi, waya iko. Fundi aliivuta mwenyewe, inatoka hapa, inafika pale, na umeme hauwezi kuruka ukutani. Mu seli hakuna waya. Raf na MEK ni vitu viwili vidogo vinavyoelea kwenye maji mazito yaliyojaa maelfu ya protini zingine, sawa watu wawili wanaotafutana sokoni siku ya Jumamosi bila telefone. Nani anahakikisha Raf inakutana na MEK? Na ikikutana nayo, nani anahakikisha ujumbe hauendi kwa kinasi nyingine inayofanana nayo?

Jibu la kwanza zuri lilitoka kwa hamira, ile ile ya mkate na pombe. Mu hamira kuko protini inaitwa Ste5. Yenyewe haikati kitu, haiongezi fosfati kwa mtu. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba inashika kinasi tatu za mstari mmoja kwa wakati mmoja, na bila yeye ishara ya kuoana ya hamira haifiki. Mchoro wa mishale hauna nafasi ya kitu cha namna hii. Ste5 hakati, hapiganishi, hapokei ujumbe na kuutoa. Anakutanisha tu.

Kuko jaribio ninalolipenda zaidi, la mwaka 2003. Kinasi moja ya hamira, Ste11, inatumika mu kazi mbili tofauti: kazi ya kuoana, na kazi ya kujilinda wakati chumvi inakuwa nyingi inje. Ste11 ni ile ile. Kinachoamua aende upande gani ni kiunzi kinachomshika. Basi watafiti waliunganisha kiunzi cha kwanza na cha pili kuwa protini moja. Walipoipa hamira ishara ya kuoana, ikajibu sawa imepewa chumvi! Kinasi hawakuzibadilisha, walibadilisha nani anakaa karibu na nani. Mishale yote ikageuka.

Sasa tuje kwa wanyama, maana hamira haina kansa. Mwaka 1995 wanaochunguza jeni za nzi na za minyoo walikuta jeni moja wakaiita KSR. Ukiitazama inafanana na kinasi, lakini kazi yake kubwa ni kushika Raf, MEK na ERK pamoja na kuzileta karibu na utando wakati Ras imeamka. Panya waliotolewa KSR1 wanaishi na wanakua karibu kama kawaida. Lakini tafiti za 2002 na 2003 zilionyesha kwamba panya hao wanafanya vivimbe kidogo zaidi kuliko wenzao pale mstari wa Ras unapolazimishwa. Soma tena hapo. Ras imeharibika, inapiga kelele usiku na mchana, na bado kivimbe kinachelewa kwa sababu yule anayekutanisha watu hayupo. Kwenye mchoro wetu, Ras ikiharibika mambo yamekwisha.

Sisi watu wa Lubumbashi tuko na picha nzuri ya jambo hili, nzuri kuliko ya saketi: komisyonere wa nyumba. Nyumba si yake. Kodi halipi yeye. Lakini mwenye nyumba wa Katuba na mtu anayetafuta nyumba hawatakutana bila yeye. Jiulize sasa: mtaa ukiwa na makomisyonere wengi sana, nyumba zitapangishwa haraka zaidi? Mtu atajibu ndiyo. Angalia vizuri. Tuseme kila komisyonere anaweza kushika mwenye nyumba mmoja na mpangaji mmoja, na aliyeshikwa haachiliwi. Wakiwa wengi kupita kiasi, huyu anashika mwenye nyumba na hana mpangaji, yule anashika mpangaji na hana mwenye nyumba. Kila mtu ameshikwa, na hakuna anayehama.

Fanya hesabu kidogo ya karatasi. Weka Raf 100 na MEK 100. Viunzi vikiwa 10, unapata makutano 10, si zaidi. Viunzi vikiwa 100 na kila kimoja kimejaa, unaweza kufika makutano 100. Weka viunzi 1000. Nafasi ya kiunzi kimoja kuwa na Raf ni 1 kwa 10, nafasi ya kuwa na MEK pia ni 1 kwa 10, basi nafasi ya kuwa na zote mbili ni 1 kwa 100. Viunzi 1000 vinakupa makutano 10 tu. Umerudi pale ulipoanzia. Ongeza ERK kama mtu wa tatu, na unabaki na kiunzi kimoja kilichojaa kati ya elfu. Hesabu ya kweli ni ngumu kuliko hii, maana mu seli watu wanaachiliwa na kushikwa tena, lakini umbo lake ni hilo: ishara inapanda, inafika kilele, inashuka. Mwaka 2000 kundi moja huko California lilionyesha kwa hesabu kwamba kiunzi cha MAPK kinaweza kufanya hivyo, na baadaye mu seli zenye KSR1 kidogo, ya kutosha, na nyingi mno, umbo hilo lilionekana.

Kwa mtu wa kansa jambo hili ni zito. Maana ukisikia “protini fulani imepatikana nyingi mu kivimbe, basi inaleta kansa”, kwa kiunzi sentensi hiyo haitoshi. Nyingi kiasi gani? Ukilinganisha na nani? Iko wapi? Kiunzi hicho hicho, kikiongezwa kidogo, kinaweza kupandisha ERK. Kikiongezwa sana, kinaweza kuizima. Nimesoma mémoire kadhaa ambamo mtu anaweka “imepanda” na mshale juu, halafu anaruka moja kwa moja kwenye hitimisho. Sishangai. Ule mchoro ndio ulimfundisha kusoma hivyo.

Halafu kuko wakati. Seli za PC12, zilizotolewa kwenye kivimbe cha tezi ya panya, ukizipa EGF zinawasha ERK kwa muda mfupi na zinagawanyika. Ukizipa NGF zinawasha ERK ile ile, lakini inabaki imewaka kwa masaa, na seli zinaacha kugawanyika, zinaanza kutoa mikono mirefu sawa neva. Mishale ni ile ile na jina la mwisho ni lile lile, lakini seli moja inazaa na nyingine inatulia. Mchoro wa mishale hauna saa. Viunzi vinavyokaa chini ya vipokezi hivi, na mahali vinapokaa, ni sehemu ya sababu ya tofauti hiyo.

Bon, niseme kitu juu ya neno lenyewe, maana sisi tunasoma mu Kifaransa na neno linakuja na mzigo wake. Wanasema protéine d'échafaudage. Échafaudage ni ile miti ya ekaliptusi ambayo mafundi wanaipanga kando ya ukuta wakati ghorofa inapanda. Haina akili, haibadilishi kitu, na kazi ikiisha inabomolewa ili watu waone nyumba. Kwa sababu ya neno hilo tunafikiri protini hizi ni mbao za kukanyagia. Hapana. KSR inagusa MEK na Raf na kuzibadilisha umbo. Kiunzi kinaamua nani, wapi, kiasi gani na muda gani. Mimi ninatumia neno kiunzi hapa kwa sababu liko na ni fupi, lakini mkiwa mnafundisha wadogo zetu, komisyonere ana ukweli mwingi kuliko miti ya fundi.

Mtu atanijibu: yote ni mazuri kwa maabara ya Ulaya, sisi huku Katanga kansa yetu ni nyingine. Ni kweli, na njo hapo ninapotaka kukaa kidogo, maana mfano mkali kuliko yote wa viunzi vinavyoharibiwa uko mu kansa inayoua mama zetu: kansa ya shingo ya kizazi.

Kumbuka mambo yalivyoanza. Mwaka 1983 kundi la Harald zur Hausen kule Ujerumani lilitangaza kirusi kipya, HPV16. Walikuwa na vipande vya kansa ya shingo ya kizazi vya wagonjwa wa Ujerumani, 18, na wakakikuta mu 11. Lakini walikuwa na vingine 23 vilivyotoka Brazil na Kenya (Kenya nchi, bandugu, si komini yetu ya Kenya), na wakakikuta mu 8. Mwaka uliofuata ikaja HPV18, na yenyewe ilitafutwa mu vipande vya Afrika, vya Brazil na vya Ujerumani. Zur Hausen alipata Nobel mwaka 2008. Majina ya wanawake wale wa Kenya hayamo mu makala. Ninawataja kwa sababu mara nyingi tunaisoma sayansi hii sawa habari ya watu wengine, kumbe mwili wa mwanamke wa Afrika Mashariki ulikuwa kwenye meza tangu siku ya kwanza.

Silabasi zetu zinasema nini juu ya HPV? Mistari miwili: E6 inaharibu p53, E7 inafunga Rb. Nukta. Ni kweli na ni lazima ijulikane. Lakini tazama mkia wa E6. HPV16 inamaliza E6 yake kwa herufi nne za asidi amino: E, T, Q, L. HPV18 inamaliza kwa E, T, Q, V. Mkia huo mdogo unaingia ndani ya sehemu inaitwa PDZ, na sehemu za PDZ ziko kwa nani? Ziko kwa viunzi. Kuanzia 1997 mpaka 2000 tafiti zilionyesha kwamba E6 inashika viunzi vitatu vikubwa, Dlg, MAGI-1 na Scribble, na kuvipeleka kwenye mashine ya seli inayosaga protini. Herufi moja ya mwisho ikibadilika, kipenzi cha kirusi kinabadilika: E6 ya HPV16 inapenda Scribble zaidi, ya HPV18 inapenda Dlg. Na HPV6 na HPV11, zile zinazoleta vinundu vya sehemu za siri lakini mara chache sana kansa? E6 yao haina mkia huo.

Na viunzi hivyo si vya mapambo. Mu nzi, jeni za Scribble na Dlg zikiharibika, ngozi ya ndani ya funza inakosa mpango, seli zinapandana bila kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mu seli za binadamu, Scribble inashika ERK yenyewe na kuizuia isiwake ovyo. Scribble ikiondoka, ERK inapanda, na Ras iliyoharibika inapata nguvu ya kusukuma seli zivamie jirani. MAGI na Dlg zinaweza kushika PTEN, yule askari anayezima ishara ya ukuaji ya upande wa PI3K. Ukimtoa anayemshika, askari anapoteza posti yake. Basi E6 inafanya kazi mbili: inaua p53, tunakariri, na inafukuza makomisyonere wema, hatukariri. Panya waliopewa E6 nzima ngozi yao ilizidi kukua. Waliopewa E6 iliyokatwa mkia ule wa PDZ, ngozi haikuzidi hivyo, ijapokuwa E6 yao bado iliweza kuharibu p53.

Mahali napo panasema. Mu vidonda vya mwanzo vya shingo ya kizazi, Dlg mara nyingi bado iko, lakini imehama kutoka kwenye ukingo wa seli, imetawanyika ndani. Inapofika kansa inayovamia, imepungua sana. Mtu akipima jumla tu, kwa vidonda vya mwanzo atasema “Dlg ipo, hakuna shida”. Mtu anayetazama kwa darubini anaona shida iko palepale.

Na kipokezi chetu cha kwanza, kile chenye herufi Y, kiko wapi mu hadithi hii? Kipo. HPV16 ina protini nyingine, E5, inayochelewesha kusagwa kwa kipokezi cha EGF, hivyo kinarudi kwenye utando na kuendelea kupokea. Juu E5 inafungua mlango, chini E6 inafukuza walinzi. Ukichora hilo kwa mishale utapata mishale miwili mibaya isiyojuana. Ukichora kwa mahali, utaona kirusi kinashambulia chumba kimoja.

Hapa mchoro wetu unaingia kwenye dawa. Mtu aliyelelewa na mishale anafikiri hivi: EGFR iko juu, nifunge EGFR, yote ya chini yatalala. Wazo hilo lilijaribiwa. Setuksimabu, dawa inayofunga kipokezi cha EGF na inayosaidia mu kansa fulani za utumbo mkubwa na za kichwa na shingo, ilipojaribiwa kwa wanawake wenye kansa ya shingo ya kizazi iliyoenea, haikuleta faida iliyotarajiwa. Siwezi kusema sababu ni viunzi peke yake. Kivimbe kina njia nyingi za kukwepa. Lakini kama chini ya mlango walinzi wamekwisha kufukuzwa, kufunga mlango ni kazi ya nusu.

Ninajua hatari ya makala kama hii. Mtu anapenda kitu chake mpaka anakifanya dawa ya kila ugonjwa. Basi niseme wazi: mpaka leo viunzi vimetupa maelezo mengi kuliko dawa. Kuna IQGAP1, kiunzi kinachoonekana kingi mu vivimbe vya aina nyingi. Mwaka 2013 kipande kidogo cha protini kinachoizuia kushika ERK kilipunguza vivimbe vya panya. Panya. Na kuko hadithi ya trametinibu ambayo inanichekesha kila mara. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2013 kwa kansa ya ngozi, kila mtu akiiita dawa ya kuzuia MEK. Mwaka 2020 ndipo umbo lake lilionekana vizuri ndani ya MEK iliyoshikwa na KSR, na ikaonekana dawa inakaa palepale kwenye mpaka wa wawili hao, inagusa mpaka kiunzi. Miaka 7 watu walikuwa wanameza dawa ya kiunzi bila kuiita hivyo! Mshale kati ya KSR na MEK ulikuwa na mwili muda wote huo.

Na kwa mama wa Ruashi? Yeye hahitaji makala yangu ili apone. Chanjo ya HPV inazuia kirusi kabla E6 haijatengenezwa, haijali PDZ wala Scribble. Rwanda iliianza kwa wasichana wa nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata 2018, Kenya 2019. Ng'ambo ya Kasumbalesa, wenzetu wa Zambia walianza Lusaka mwaka 2006 mpango wa kutazama shingo ya kizazi kwa asidi asetiki, ndugu wa siki ya jikoni, na kutibu kidonda cha mwanzo siku ile ile. Mu mwaka 2022 kansa hii iliua wanawake karibu 350,000 duniani, wengi wao mu nchi kama zetu, na mwanamke mwenye VVU ana hatari mara 6 hivi kuliko asiye nayo. Kama ningepewa makuta leo nichague, chanjo na siki kwanza, viunzi baadaye. Hilo halina mjadala.

Lakini mjadala wangu si wa bajeti. Ni juu ya namna munganga, mfamasia na mtafiti wa kesho wanavyofundishwa kufikiri. Kijana aliyelelewa na mishale akiona kipande cha shingo ya kizazi anauliza jeni gani imevunjika. Aliyeonyeshwa viunzi anauliza pia nani ameondoka mahali pake. Swali la pili linaweza kuulizwa kwa darubini, rangi na jicho lililozoea, palipo na maabara ya patolojia inayofanya kazi. Halihitaji mashine ya kusoma jenomu nzima. Watu wanaosema biolojia ya namna hii ni anasa ya matajiri hawajatazama vizuri ni sehemu gani yake ni ghali na ni sehemu gani inahitaji akili tu.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa walimu. Ukiwa na wanafunzi 300 mu oditoriamu moja na saa mbili za kozi, mishale inaokoa maisha. Vitabu vikubwa vya biolojia ya seli vina kurasa za viunzi, ila ni zile kurasa ambazo mwalimu anasema “mtasoma wenyewe nyumbani”. Na nyumbani umeme hakuna. Ninachotaka ni kidogo: mchoro ule ule, na mabadiliko matatu. Ras, Raf, MEK na ERK zichorwe zimeshikana juu ya kitu, si zimepangwa mstari sawa watu wa benki. Chini pawekwe saa, hata ya kalamu, kuonyesha ERK imewaka dakika ao masaa. Na pembeni ichorwe E6 na mkia wake wa herufi nne, mkono wake mmoja kwa p53, mwingine kwa Scribble.

Halafu swali la mtihani lisiwe tena “chora njia ya MAPK”. Mimi ningeuliza hivi, na wanaosoma hapa wanaweza kujaribu kujibu chini: seli ya shingo ya kizazi ina EGFR ya kawaida, Ras ya kawaida, Raf ya kawaida, na jumla ya Dlg ndani yake haijapungua. Lakini ukitazama kwa darubini, Dlg na Scribble zimetoka kwenye ukingo wa seli. Eleza ERK itafanya nini, PTEN itafanya nini, na utapima nini kwanza kesho asubuhi.